Picha ya moyo imetoka safi ila kifua bado kinabana: nilichojifunza kwenye mishipa midogo

Mishipa ninayoshughulika nayo kazini haionekani kwenye picha ya moyo. Naanza na hilo kwasababu watu wakisikia natafiti magonjwa ya moyo wanadhani nashinda naangalia ile mishipa mikubwa inayozibwa na mafuta, ile ambayo daktari anaweka stenti, kile kijimrija cha wavu cha kuuacha mshipa wazi, kumbe hapana, mimi niko kule chini zaidi, kwenye vijishipa vya mikromita 200, 100, na vingine chini ya hapo, yani chukua milimita moja uigawe mara kumi ndo upana wa baadhi yake. Anjiogramu, ile picha ya kuingiza dawa ya rangi kwenye mishipa ya moyo, inaona kuanzia kama nusu milimita kwenda juu. Chini ya hapo rangi inapita na kupotea, hakuna unachokiona, na huko ndo iko mishipa mingi kuliko yote ya moyo.

Nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni moja, kama picha imetoka safi, kwanini mtu bado anabanwa kifua? Wanauliza ndugu, wanauliza wagonjwa wanaojitolea kwenye utafiti, hata madaktari vijana wanauliza. Nimeona nieleze kwa urefu kidogo, na nianzie maabara maana huko ndo nilipoelewa.

Mtu akifanyiwa ule upasuaji mkubwa wa moyo wa baipasi, wa kuipitisha damu kando ya pale palipoziba, mara nyingi kuna kijipande cha chumba cha juu cha kulia kinachokatwa wakati wa kuingiza mrija wa mashine inayoendesha damu. Kawaida hicho kipande kinatupwa. Lakini kama mgonjwa alisaini fomu ya kukubali kabla ya upasuaji basi kinaletwa kwetu kwenye chombo chenye maji ya chumvi ya baridi, kina namba tu, jina lake hatulijui. Hapo huna muda wa kupoteza. Nakibana na vipini vidogo chini ya hadubini naanza kutafuta mshipa, natoa nyama, natoa mafuta, polepole, mpaka kinabaki kijimrija cha urefu wa kama milimita 2, halafu ndani ya tundu lake napitisha nyaya mbili, kila mmoja una unene wa mikromita 40. Hapa ndo pagumu. Mkono ukitikisika kidogo waya unakwaruza utando wa ndani ya mshipa na ukishakwaruzika huo mshipa hauwezi tena kukujibu lile swali uliloutafutia. Njia hii waliitengeneza Mulvany na Halpern miaka ya 1970 na mpaka leo maabara nyingi duniani zinaitumia, sijaona cha kuiondoa.

Waya mmoja umeshikwa na kifaa kinachopima nguvu. Mshipa ukijibana unavuta, ukilegea unaachia, na kwenye kompyuta unaona mstari unapanda au unashuka. Maji yanapashwa mpaka nyuzi 37, hewa yenye oksijeni inapitishwa ndani yake mapovu yakipanda muda wote, na kwanza tunaweka potasiamu kuona kama mshipa bado uko hai. Mstari ukipanda unashusha pumzi, uko hai. Tunausafisha, tunaubana tena kwa dawa nyingine, afu ndo linakuja swali lenyewe: tunaweka asetilikolini, kemikali ya mwilini inayoujaribu mshipa kama unaweza kulegea, kidogo kidogo. Mshipa wenye afya unalegea, mstari unashuka vizuri kabisa mpaka chini. Mshipa wa mtu aliyeishi na sukari au presha miaka mingi, unakuta mstari unashuka kidogo tu unasimama, au haushuki kabisa.

Sasa angalia kinachofuata maana hiki ndo kilinibadilisha namna ya kufikiri. Mshipa huohuo uliokataa kulegea, ukiuwekea dawa inayotoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, moja kwa moja, unalegea. Mstari unashuka. Kwa hiyo misuli ya mshipa ni mizima, inaweza kulegea, ila amri ya kulegea ndo haikutoka. Na ukiiweka ile mishipa miwili chini ya hadubini kabla ya kuipima, ule mzima na ule mgonjwa, mara nyingi huwezi kuitofautisha kwa macho. Yote inapendeza. Mpaka uiulize ndo utajua.

Ile amri inatoka kwenye utando wa ndani, endotheli, ambao ni safu moja tu ya seli. Kwa muda mrefu watu walidhani ni kama karatasi ya ndani tu isiyo na kazi. Aliyebadilisha mambo ni Robert Furchgott, mwaka 1980, yeye na Zawadzki, walionyesha kwamba asetilikolini inalegeza mshipa pale tu utando wa ndani ukiwa mzima, ukiuondoa utando mshipa unafanya kinyume, unabana. Baadaye ikagundulika kwamba kinachotolewa na ule utando ni naitriki oksaidi, gesi, kitu ambacho watu walikuwa wanakijua kama uchafu wa hewa, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa tuzo ya Nobel. Mimi kila nikishika ile chupa ya asetilikolini nakumbuka kwamba dawa hiyohiyo moja inaweza kufungua na inaweza kubana, inategemea tu hali ya ile safu moja ya seli. Na madaktari wa moyo wanaitumia hivohivo kwa mgonjwa aliye hai, wanaingiza kidogo kwenye mshipa wa moyo na kuangalia, unafunguka au unabana.

Kwanini mishipa midogo ina uzito hivi? Ntaeleza kwa kifupi. Moyo una tabia ambayo viungo vingine vingi havina, hata ukiwa umekaa tu umepumzika tayari unachukua kama asilimia 70 mpaka 80 ya oksijeni iliyoko kwenye damu inayoupitia. Kwa hiyo ukianza kukimbia, ukipanda ngazi, ukikasirika, moyo hauna pa kuongeza zaidi kwenye damu ileile, lazima uletewe damu nyingi zaidi, na kwa mtu mzima wa afya damu hiyo inaweza kuongezeka mara 3 mpaka 5. Nani anaongeza? Si ile mishipa mikubwa. Mikubwa ikiwa haijaziba inachangia sehemu ndogo sana ya ukinzani, yani kile kinachoizuia damu kupita, kiasi cha maji yanayotoka bombani kinaamuliwa na koki na siyo na bomba kuu linaloingia kwenye nyumba, na koki za moyo ni vile vijishipa ninavyopitisha waya. Vikigoma kufunguka, bomba kuu linaweza kuwa safi kabisa na moyo bado ukakosa.

Kuna jingine. Upande wa kushoto wa moyo unapata damu yake nyingi wakati moyo umelegea, siyo wakati unapiga, manake ukipiga unaibana mishipa yake wenyewe. Sasa mapigo yakienda mbio, kile kipindi cha kulegea ndo kinakuwa kifupi. Tabaka la ndani kabisa la ukuta wa moyo linaumia kwanza. Hii inaeleza mengi kuhusu wagonjwa ambao wakishtuka tu au wakiwa na mawazo mapigo yanaenda mbio na kifua kinaanza, watu wanasema ni presha ya mawazo tu, ila kimwili kuna kitu cha kweli kinatokea pale.

Historia ya jambo hili inaniuma kidogo, nikiri. Anjiogramu ya mishipa ya moyo ilianza mwaka 1958 pale Cleveland, Marekani, daktari wa moyo Mason Sones alikuwa anafanya kipimo kingine, mrija ukaingia kwenye mshipa wa kulia wa moyo bila kukusudia na dawa ya rangi ikamwagika humo, mgonjwa akapona, na Sones akaona kumbe inawezekana. Ni kitu kikubwa sana, kimeokoa watu wasiohesabika na sitaki mtu anielewe vibaya. Ila baada ya picha kuwepo, picha ikawa ndo ukweli wenyewe. Mtu akija na maumivu na picha inaonyesha kuziba, huyo ni mgonjwa. Mtu akija na maumivu yaleyale na picha ni safi, huyo hana kitu. Mwaka 1973 Harvey Kemp akaandika kuhusu watu hawa na jina lililobaki ni "sindromu X", jina lisilosema tatizo liko wapi. Miaka 15 baadaye, 1988, Cannon na Epstein wakapendekeza jina linalosema mahali tatizo lilipo, anjina ya mishipa midogo, anjina ikiwa ni maumivu ya kifua ya moyo kukosa damu. Katikati hapo na hata baada ya hapo watu wengi waliambiwa ni wasiwasi, ni tumbo, ni misuli ya kifua, ni umri.

Na wengi wao ni wanawake. Utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa WISE, ulioanza mwaka 1996, uliwachukua wanawake wenye maumivu ya kifua, na wale ambao mishipa mikubwa haikuwa na kuziba kwa maana walipopimwa mtiririko karibu nusu wakakutwa mishipa midogo haifunguki inavyotakiwa. Karibu nusu! Na walipofuatiliwa miaka iliyofuata, wenye tatizo hilo ndo waliopata zaidi mambo mabaya ya moyo. Kwa hiyo ile habari ya kumwambia mtu nenda nyumbani uko salama kwasababu picha ni safi haikuwa na msingi kwa wote.

Hapo pia sisi watu wa maabara tuna sehemu yetu. Kwa miaka mingi majaribio ya wanyama yalifanywa kwa madume tu, hoja ikiwa kwamba homoni za majike zinavuruga matokeo. Marekani taasisi ya taifa ya afya, NIH, ilianza kudai kwamba jinsia zote mbili zizingatiwe kwenye tafiti za wanyama inazozifadhili kuanzia 2016. Fikiria, ugonjwa unaowapata zaidi wanawake, hasa baada ya kukoma hedhi homoni ya kike, estrojeni, inapopungua, tuliusoma kwenye panya dume vijana wasio na presha wala sukari. Siku hizi nikipewa makala ya utafiti kusoma kabla haijachapishwa, naangalia kwanza wanyama walikuwa wa jinsia gani na umri gani, kabla hata ya kusoma matokeo.

Kuna mama mmoja mtu mzima aliwahi kuja kwenye utafiti ambao timu yetu ilishiriki. Mimi si daktari wa wodini, kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa na kumweleza kipimo, lakini tuliongea sana siku ile kwasababu tulisubiri chumba. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nikipanda ngazi wala hakiumi sana, kinaanza nikishakaa, na kikianza hakiondoki haraka." Akasema ile dawa ya kuweka chini ya ulimi wakati mwingine inamsaidia na wakati mwingine wala, na kwasababu haikumsaidia aliambiwa basi huo si moyo. Nilimsikiliza nikawa naona vitu ninavyovijua kutoka kwenye ile mistari ya kompyuta. Maumivu yanayobaki muda mrefu baada ya kupumzika ni kawaida kwa mishipa midogo. Na nitrogliserini, ile ya chini ya ulimi, inafungua vizuri mishipa mikubwa, lakini mishipa ya chini ya mikromita 100 inaitikia kidogo sana, ilishaonyeshwa maabara zamani. Kwa hiyo dawa kutosaidia haikuwa ushahidi kwamba hana ugonjwa wa moyo.

Walipompima, akiba yake ya mtiririko ilikuwa chini ya 2, yani damu ya moyo wake haikuweza kuongezeka hata mara mbili. Daktari wa utafiti alimweleza vizuri kwa utulivu, na yule mama hakulia wala hakufurahi, aliuliza tu, "Kwa hiyo naumwa kweli?" Akaambiwa ndio mama, na kuna cha kufanya. Akasema, "Basi naomba mniandikie kwenye karatasi, nikawaonyeshe wanangu." Hilo limenikaa. Mtu anaomba karatasi ya kuthibitisha ugonjwa ili watu wake mwenyewe wamwamini, na hao watu wake hawakuwa wabaya, waliamini tu walichoambiwa na wataalamu. Toka siku ile nikiandika ripoti ya utafiti siandiki "mishipa ya kawaida" kwa mtu ambaye mishipa mikubwa tu ndo imeangaliwa. Naandika kilichoangaliwa ni nini na ambacho hakikuangaliwa ni nini.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe maana watu wanauliza. Akiba ya mtiririko ni uwiano tu, unapima damu inapita kiasi gani moyo ukiwa umepumzika, halafu unatoa adenosini ambayo inaifungua mishipa midogo, unapima tena, unagawanya. Ikiongezeka mara 3 au 4, safi. Ikishindwa kufika mara 2, au 2.5 kwa baadhi ya vipimo, kuna shida. Inapimwa kwa waya mwembamba wenye sensa unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa wakati wa anjiogramu, na huohuo waya unaweza kutoa namba nyingine ya ukinzani wa mishipa midogo, ikifika 25 au zaidi si nzuri. Halafu kuna ile asetilikolini niliyoitaja mwanzoni, ya kuangalia kama mshipa unabana. Bila waya pia inawezekana, kwa PET au MRI ya moyo, mashine za picha zinazopima damu inavyoingia kwenye nyama ya moyo. Ninachotaka kieleweke ni kwamba hivi vyote vinauliza mshipa unafanya nini, wala si unaonekanaje.

Na kuna mshipa ambao shida yake ni kutofunguka, na kuna ambao shida yake ni kujibana ghafla, na kuna mtu mwenye vyote viwili, na dawa hazifanani. Kwa anayebana ghafla madaktari wanapendelea dawa za kuzuia kalsiamu, kwa ambaye hafunguki wengi wanaanza na beta bloka, dawa za kupunguza kasi ya mapigo. Ukikosea kuyatofautisha matatizo haya unaweza kumpa mtu dawa isiyomfaa miaka mingi. Mwaka 2018 timu ya Colin Berry kule Glasgow ilitoa matokeo ya utafiti wa CorMicA, wagonjwa 151 wenye maumivu ya kifua bila mishipa mikubwa kuziba, wote wakafanyiwa vipimo hivi, ila kwa nusu yao majibu yalitumika kuchagua matibabu na kwa nusu nyingine madaktari hawakupewa majibu. Baada ya miezi 6 waliotibiwa kufuatana na majibu maumivu yao yalikuwa yamepungua na maisha yao yalikuwa bora kuliko wenzao. Dawa mpya haikuwepo hata moja! Dawa zilezile zilizopo, ila kila mtu akapewa inayoendana na tatizo lake. Mimi niliusoma utafiti ule nikawaita wenzangu maabara tukausoma tena pamoja, kwa furaha kabisa.

Mishipa midogo haiishii kwenye hao wenye picha safi. Mtu akipata mshtuko wa moyo, mshipa mkubwa umeziba, anakimbizwa, unafunguliwa, stenti inakaa vizuri, kila mtu anapongezana, halafu unakuta nyama ya moyo bado haipati damu. Mwaka 1974 Kloner na wenzake walionyesha hili kwa mbwa, waliziba mshipa wa moyo dakika 40 wakafungua, damu ikarudi vizuri, wakaziba dakika 90 wakafungua, na sehemu ya nyama ya ndani haikupata damu tena japo mshipa mkubwa ulikuwa wazi. Vijishipa vilikuwa vimevimba, vimebanwa, vimeharibika. Ndo maana muda ni kila kitu kwenye mshtuko wa moyo, kuchelewa kunaua nyama ya moyo na kunaua pia njia za kuifikia. Nasisitiza hapa kwa uchungu, maumivu ya kifua mapya, makali, yanayoenda mkononi au kwenye taya, na jasho, hayo siyo ya kukaa nyumbani kusoma, ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Halafu kuna aina ya moyo kushindwa kazi ambayo moyo unasukuma vizuri ukiupima kwa eko, ile picha ya mawimbi ya sauti, ila umekuwa mgumu, haulegei kupokea damu. Utafiti wa 2018 uliopima wagonjwa wa aina hii ulikuta robo tatu yao mishipa midogo ya moyo haifunguki vizuri. Robo tatu ni wengi mno kusema ni bahati mbaya. Wenye hali hii mara nyingi ni watu wazima, wana presha, wana sukari, wana uzito mkubwa, na hivyo vyote vinauchosha ule utando wa ndani kwa miaka kabla mtu hajasikia chochote. Kuta za vijishipa zinanenepa, tundu linapungua, na kapilari, vile vijishipa vyembamba kuliko vyote, zenyewe zinapungua idadi, yani si kwamba zimeziba, hazipo tena.

Niseme na hili la vidonge vya vitamini maana ni somo ambalo maabara ilinipa kwa nguvu. Kwa miaka tuliamini kemikali za oksidesheni, zile zinazoharibu seli kwa nguvu ya oksijeni, ndo adui namba moja wa mishipa, kwa hiyo kila mtu alitegemea vitamini E italinda moyo. Utafiti mkubwa wa HOPE mwaka 2000 ukaonyesha haikusaidia kabisa kupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Halafu mwaka 2003 Miura, Gutterman na wenzao kule Milwaukee, Marekani, wakitumia vipande vilevile vya moyo vinavyotoka kwenye upasuaji, wakaonyesha jambo ambalo mimi mpaka leo naliona la ajabu: kwa wagonjwa wa moyo, vijishipa vinatumia haidrojeni peroksaidi ili vifunguke damu ikipita kwa kasi. Peroksaidi ni mojawapo ya hizo kemikali tulizokuwa tunaziita adui! Mwili umepoteza njia yake ya kawaida ukatafuta nyingine, njia yenye gharama maana kemikali hiyo inaumiza tishu taratibu, lakini inafungua mlango. Ukiifuta yote unaweza ukafunga mlango uliobaki. Nimerudia mwenyewe jaribio la namna hiyo, unaongeza kimeng'enya kinachovunja peroksaidi na mshipa uliokuwa unafunguka vizuri unagoma mbele ya macho yako. Toka hapo mtu akiniambia kitu fulani kwenye mwili ni kibaya moja kwa moja, namuuliza kibaya kwa mshipa wa nani, na katika hali gani.

Kuna kitu kimoja kinachonipa moyo kila nikikifikiria, ni mazoezi. Mwaka 2000 Hambrecht na wenzake kule Ujerumani waliwachukua wagonjwa wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kundi moja likafanya mazoezi kwa wiki 4 chini ya uangalizi, wakawapima kabla na baada kwa ileile asetilikolini. Mishipa iliyokuwa inabana ikapunguza kubana kwa zaidi ya nusu, na akiba ya mtiririko ikapanda. Wiki 4! Damu ikipita kwa kasi juu ya ule utando wa ndani inausugua, na ule msuguo ndo unaouamsha utengeneze naitriki oksaidi. Naona hii kwenye mishipa ninayoipima pia, ukipitisha maji kwa kasi unafunguka, ukisimamisha unajibana. Kuacha sigara, kushusha presha, kushika sukari, dawa za kolesteroli kwa aliyeandikiwa, vyote vinaenda kwenye safu ileile moja ya seli.

Kwa hiyo mtu akinijia akasema picha yangu ni safi na bado kifua kinabana, simwambii anaumwa mishipa midogo, maana sijui na mimi si daktari wake, kuna tumbo, kuna mapafu, kuna misuli, na wasiwasi upo pia kweli. Namwambia arudi kwa daktari wake wa moyo na amuulize maswali haya: mishipa mikubwa imeangaliwa, je mtiririko umepimwa? Akiba yangu ni ngapi? Kuna kipimo cha kubana kwa mshipa kilichofanyika? Kama hapa hakipo, PET au MRI ya moyo inapatikana wapi? Na aandike maumivu yake, yanaanza saa ngapi, akifanya nini, yanachukua dakika ngapi kuisha, dawa ya chini ya ulimi ilifanya nini, akaende na hiyo karatasi mkononi, kwasababu daktari ana muda mfupi na mtu akiulizwa ghafla anasahau nusu. Na kama mwongozo wa tiba unasaidia kumtia nguvu, miongozo ya Ulaya ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, tangu ile ya 2019, imevitaja vipimo hivi kwa watu wa aina yake, kwa hiyo haombi upendeleo, anaomba kipimo kinachotambulika.